Yalirudi, Hayakuingia

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuandika maneno ya watu wengine. Mimi ni karani wa vikao katika halmashauri. Madiwani wakikaa, nakaa pembeni ya mwenyekiti na daftari langu, naandika nani kasema nini na wamekubaliana nini, halafu nakwenda kulipanga vizuri liwe muhtasari. Kabla ya hapo nilikuwa nafundisha Kiswahili shule ya msingi huko Ilala. Ndiyo maana ofisini wananiita Mwalimu mpaka leo, wengine kwa heshima, wengine kwa kuwa niliwahi kuwarudishia barua na alama nyekundu.

Nataka kueleza habari ya neno moja ambalo nililisahihisha nikiwa na nia njema. Ili habari yenyewe ieleweke, nianze na mtaro.

Mtaa ninaouzungumzia uko Kariakoo, unaanza karibu na soko na kuteremka kuelekea bondeni. Nikisema kuteremka usidhani kuna mlima. Ukitembea hapo hutaona mteremko wowote, miguu haiutambui. Maji tu ndiyo yanayoutambua. Chini ya ukingo wa barabara kuna mtaro uliofunikwa kwa mifuniko ya zege, na kila baada ya umbali fulani kuna chemba, yaani shimo lenye mfuniko mpana ambalo fundi anaweza kuingia kusafisha. Maji ya mvua yanatoka huku juu sokoni, yanapita chini ya miguu ya watu, yanaingia mtaro mkubwa kule chini, kisha bondeni. Hivyo ndivyo ilivyokusudiwa.

Kwenye kona ya juu ya mtaa huo yuko mama mmoja anayepika chapati, maharage na chai ya maziwa. Jiko lake na benchi la wateja vilikaa juu ya mfuniko wa mtaro. Amekaa pale tangu binti yake akiwa anabebwa mgongoni, na sasa binti huyo ni muuguzi mikoani. Ni mtu wa pwani, mpole wa sauti na mkali wa maneno. Hatua kama arobaini chini yake, upande uleule, kuna duka la jumla la mashuka na mapazia la mfanyabiashara kutoka Kilimanjaro. Mtaa mzima unamwita Mangi, kama wanavyoitwa wenzake wengi wa huko wenye maduka. Duka lake ni nyumba ya zamani yenye ua nyuma, moja ya chache zilizobaki katikati ya maghorofa. Ukiingia unashuka ngazi mbili. Zamani hazikuwapo ngazi hizo. Barabara imetengenezwa mara nyingi, kila mara inaongezwa juu ya ile ya zamani, mpaka nyumba ikajikuta iko chini ya mtaa wake.

Asubuhi moja ya masika ilinyesha mvua kubwa, na kabla ya saa nne mtaa ulikuwa umejaa maji. Stoo ya Mangi ililowa mpaka kimo cha goti. Watu wote waliokuwepo waliona jambo moja: maji yalikuwa yakichemka kwenye mfuniko wa kona ya mama wa chapati, yakitoka kwenye mwanya pembeni ya jiko lake kama sufuria iliyofunikwa vibaya. Waliona kwa macho yao. Kwa hiyo siku ileile hukumu ilikuwa imeshatoka: mama ameziba mtaro kwa majivu na maganda yake.

Mafuriko yakitokea, halmashauri inapaswa kuchunguza. Wengi hawajui kazi hiyo inafanyikaje, na si ngumu kuielewa. Mhandisi na watu wake wanakwenda kutazama na kuuliza, wanaandika taarifa. Madiwani hawachunguzi mtaro. Wao wanaichunguza taarifa. Wanamwuliza mhandisi: umejuaje, umeona wapi, nani kakwambia. Kwa mafuriko yale iliundwa kamati ndogo ya madiwani watano, na kikao cha kwanza kilifanyika palepale katika ofisi ya serikali ya mtaa, ili wenyeji waseme wenyewe. Nilikuwepo na daftari langu.

Mangi alisema wa kwanza. Alikuwa na hasira ya mtu ambaye hajalala, akazungumza haraka sana. Nami niliandika haraka, maneno yake kama yalivyotoka. Mama wa chapati alisema baadaye, kwa ufupi. Alisema majivu yake anayatia ndoo, gari la taka likipita anayatoa, na kama kuna kilichodondoka kimedondoka bila kukusudia.

"Kila aliyeziba mtaro hakukusudia," diwani mmoja akasema, na watu wakacheka.

"Na wewe, Mheshimiwa, chapati zangu ulizokula bila kukusudia ni ngapi?" mama akamjibu. Walicheka zaidi, naye diwani akacheka, lakini mambo hayakubadilika. Kamati ilipendekeza kona ile isafishwe na mama apewe notisi ya siku saba kuondoka. Pendekezo lingekuwa uamuzi baada ya muhtasari kuthibitishwa katika kikao cha pili.

Nilirudi ofisini kuandika. Sasa hapa ndipo kosa lilipo.

Katika daftari langu Mangi alikuwa amesema hivi: "Maji yalirudi uani, nikafunga milango ya mbele bure." Nilitazama sentensi hiyo na jicho la mwalimu likaona kosa. Maji yalirudi? Yalirudi kutoka wapi? Kitu hurudi mahali kilipotoka, na maji ya mvua hayakuwahi kutoka katika ua wa Mangi. Nilifikiri ni ile lugha ya mtaani, mtu anatumia kitenzi chochote kilicho karibu na mdomo. Nikaandika kwa Kiswahili safi: "Mlalamikaji alieleza kuwa maji yaliingia dukani licha ya kufunga milango ya mbele." Nikaisoma kwa sauti. Ilikuwa sentensi nzuri. Nilikwenda nyumbani nimeridhika.

Siku mbili kabla ya kikao cha pili mama wa chapati alikuja ofisini kwangu. Alikuwa amevaa vizuri, ushungi umepigwa pasi, na mkononi ameshika rasimu ya notisi aliyopewa na mtendaji wa mtaa.

"Mwalimu, sikuja kulia," alisema akikaa. "Nimekuja kujua nimeshtakiwa kwa maneno gani. Maana nikihama bila kuyajua, na huko niendako nitayakuta."

Nilimsomea sehemu ya ushahidi. Hiyo si siri, maneno yalisemwa mbele ya watu. Nilipofika kwa Mangi akanizuia kwa kiganja.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Mangi hakusema hivyo. Alisema yalirudi."

"Si ni yaleyale, mama?"

"Siyo yaleyale." Aliniangalia kama ninavyowaangalia watoto wa darasa la tatu, kwa subira. "Yakiingia, unayaona yanakuja. Yanapita mlangoni kama mgeni. Yakirudi, hujaona kitu, unakanyaga sakafu ya ndani imelowa. Yametoka chini, kwenye tundu. Sisi wa Kariakoo ndivyo tunavyosema. Maji uliyoyamwaga wewe mwenyewe uani yaende mtaroni, mtaro umeyakataa, yamekurudia."

Nikafungua daftari, nikakuta neno lile kwa mwandiko wangu mwenyewe: yalirudi.

Pengine msomaji utajiuliza tofauti hiyo ina faida gani kwa mama wa chapati. Mimi pia nilijiuliza, mpaka nilipofika nyumbani na kuchukua mpira wa kumwagilia maua. Fungua maji, kisha ukunje mpira katikati. Upande wa juu, ule wa bombani, unavimba. Upande wa chini unabaki mtupu. Kona ya mama iko juu, duka la Mangi liko chini. Mama angekuwa ameziba mtaro, maji yangefurika kwake, yakapita juu ya barabara, yakaingia kwa Mangi kwa mlango wa mbele. Lakini tundu la ua wa Mangi, linalotiririsha kwenye mtaro hatua arobaini chini ya kona ya mama, lisingetoa hata tone. Kama tundu lile ndilo lililotapika kwanza, basi mtaro ulikuwa umejaa kutokea chini kwenda juu. Aliyeziba yuko mbele ya Mangi, upande wa bondeni. Na yale maji yaliyochemka penye jiko la mama yalifika pale mwisho, yakatokea kwake kwa sababu tu mwanya wa mfuniko wake ndio uliokuwa wazi.

Niliukunjua mpira nikakaa kwenye kibaraza. Nilikuwa nimechukua ushahidi wa mshtaki, ushahidi ambao bila yeye kujua ulikuwa unamtetea mshtakiwa, nikaufuta kwa kuupendezesha.

Muhtasari una nguvu ambayo watu hawaidhani. Kabla haujathibitishwa ni karatasi tu. Ukishathibitishwa, yaliyomo ndiyo yaliyosemwa, hata kama hayakusemwa. Ndiyo maana kikao kinachofuata huanza kwa kuupitia ukurasa kwa ukurasa. Mwenyekiti anataja namba, wajumbe wanakaa kimya, anaendelea. Kwa kawaida wanaosahihisha ni wajumbe. Mimi si mjumbe. Katika miaka yangu yote sijawahi kunyoosha mkono katika kipengele hicho.

"Ukurasa wa kwanza," mwenyekiti alisema siku ile. Kimya. "Wa pili." Kimya. "Wa tatu."

Nilinyoosha mkono. Mwenyekiti alidhani naomba kufungua dirisha, akaniashiria nifungue.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kusahihisha."

"Nani kakosea?"

"Mimi."

Diwani yule aliyetaniwa kikao cha kwanza akasema, "Jamani, leo Mwalimu anajisahihisha mwenyewe. Mpeni kalamu nyekundu."

Nilisoma sentensi yangu, kisha nikasoma ya daftari. Nikasema Mangi alisema maji yalirudi uani, mimi nikaandika yaliingia dukani, na kwamba kosa ni langu.

"Kurudi, kuingia," diwani mwingine alisema, "duka si limelowa? Tuendelee, Mwenyekiti. Tuna mambo."

Naye mwenyekiti angeendelea. Mdomo wake ulishafunguka kutaja ukurasa wa nne. Lakini mhandisi, kijana mtulivu ambaye mpaka hapo alikuwa akipekua makaratasi yake, aliinua kichwa.

"Yalirudi wapi?" aliuliza. "Uani, au chooni?"

"Uani," nilijibu. "Ndivyo alivyosema."

"Naomba aulizwe mwenyewe."

Mangi alikuwa ameketi nyuma na wenyeji wengine, na mama wa chapati viti vitatu kutoka kwake. Hawakuwa wakizungumza tangu siku ya mafuriko. Mwenyekiti akamwita mbele.

"Ulisema maji yalifanyaje?"

"Yalirudi."

"Kwa wapi?"

"Lile tundu la uani. Nilikuwa nimeshafunga mbele, nimeweka na viroba vya mchanga mlangoni, nje bado barabara inaonekana. Nageuka nyuma, mashuka yanaelea."

"Barabarani maji yalikuwa hayajajaa?"

"Barabarani yalijaa baadaye. Hata pale kwa mama yalichemka baadaye."

Mhandisi aliacha kuandika. "Una hakika na mpangilio huo?"

"Bosi, ni stoo yangu."

Diwani wa kalamu nyekundu alimwinamia akasema kwa sauti ya chini ambayo chumba kizima kilisikia, "Mangi, unajua unamtetea huyu mama?"

Mangi alimtazama, kisha akamtazama mama. Niliona uso wake ukielewa. Ilikuwa rahisi kwake kusema hakumbuki vizuri. Mtu aliyeloweshewa mali anahitaji aliyekosa, na mwenye kosa alikuwa ameshapatikana, yuko viti vitatu tu.

"Simtetei mtu," alisema. "Nimeulizwa habari za maji."

Mwenyekiti aliahirisha pendekezo la notisi. Halikufutwa, liliahirishwa, mpaka mtaro ufunuliwe mbele ya wajumbe. Tukiwa tunatoka, mama alinipita mlangoni akasema, bila kusimama, "Nisije nikafurahi mapema, Mwalimu. Hawajafunua."

Walifunua Jumamosi. Nilikwenda nikiwa nimevaa buti za mpira za mume wangu. Mhandisi alikuja na ramani ya zamani ya mtaro, imekunjwa mpaka mikunjo imechanika. Kabla ya yote alikwenda kumsalimu mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunipima au kunitoa?"

"Kupima kwanza."

"Basi kunywa chai, mtu asipime na njaa."

Hakunywa. Nadhani aliona si vizuri kunywa chai ya mtu anayechunguzwa, nami nilimheshimu kwa hilo, ingawa mama alinuna.

Ramani ilionyesha chemba nne kutoka dukani kwa Mangi mpaka mtaro mkubwa. Tulihesabu tukitembea. Tulikuta tatu. Mhandisi akarudi, akahesabu hatua kutoka chemba ya pili, akasimama mbele ya ghorofa jipya, juu ya peving, yale matofali ya zege ya kutandika njia, iliyopangwa vizuri, nyekundu na kijivu, safi kuliko yote mtaani. Hapakuwa na mfuniko wowote. Akapiga chini kwa kisigino.

"Iko hapa," alisema. "Imefukiwa."

Nilimkumbusha kwa sauti ya upole kwamba taarifa ya makabidhiano ya peving ile nimeipiga chapa mimi mwenyewe, na imeandikwa mitaro yote imekaguliwa.

"Imekaguliwa," alisema akiwa bado anatazama chini. "Kwa kutembea juu yake."

Hakusema ni nani aliyetembea. Hakuhitaji. Saini ya ofisi yake ilikuwa pale, na wakati wa makabidhiano yale alikuwa ameshaanza kazi.

Mafundi walinyanyua peving, wakachimba mchanga, wakaufikia mfuniko. Ulipoinuliwa ilitoka harufu iliyowafanya waheshimiwa wawili wakumbuke simu zao. Ndani ya chemba kulikuwa na mbao. Zilikuwa mbao za kumwagia zege, zimepigiliwa misumari, zimeachwa zilivyo baada ya ujenzi, na juu yake zege lililomwagika limeganda. Tundu lililobaki lilikuwa dogo kiasi kwamba fundi alipitisha mkono mpaka kwenye kiwiko, ukakwama. Maji ya mtaa mzima yalikuwa yakiambiwa yapite hapo.

Wenyeji walisogea kutazama. Mangi alitazama kwa muda mrefu kuliko wote. Mama hakusogea, alibaki kwenye jiko lake anageuza chapati, ingawa niliona zile mbili za mwisho zimeungua.

Ningependa kusema ilikuwa imekwisha. Lakini uchunguzi ukikatishwa pale unapokupendeza, si uchunguzi tena. Mwenyekiti, ambaye mpaka hapo nilimdhania mtu wa haraka, alisema, "Sasa na kona ya juu. Tulisema mtaro wote."

Mama alizima jiko. Alilishusha mwenyewe, akahamisha benchi, ndoo, na lile beseni la unga, akasimama pembeni mikono kifuani. Mfuniko wake uliinuliwa. Chini yake maji yalikuwa yanapita, lakini kwenye sakafu ya mtaro kulikuwa na tabaka la majivu, majani ya chai na maganda ya vitunguu, limeshikana kama udongo. Mhandisi alishuka, akaingiza rula.

"Kimo cha kiganja," alisema.

Watu walinung'unika. Diwani wa kalamu nyekundu akafungua mdomo.

"Hiyo ni ya kwangu," mama alisema kabla yake. "Sikuitupa, imedondoka kidogokidogo. Lakini ni ya kwangu. Nitaitoa."

"Ingeweza kuleta mafuriko yale?" mwenyekiti alimwuliza mhandisi.

"Hapana, Mheshimiwa. Maji yanapita juu yake. Ila ikiachwa miaka mingine, hiyo nayo itakuwa mbao."

Niliandika yote hayo. Niliandika kiganja, niliandika itakuwa mbao. Nilipofika ofisini sikupanga sentensi yoyote upya, isipokuwa kuweka nukta mahali pake.

Kikao cha tatu hakikuwa kirefu. Kamati iliondoa pendekezo la notisi. Mama abaki kwenye kona yake, lakini jiko na benchi visogee mpaka ukingoni ili mfuniko uweze kuinuliwa wakati wowote, na afunue na kutoa tope mara moja kila wiki. Kuhusu ghorofa, suala lilipelekwa juu, kwa wanaoweza kumwajibisha mjenzi, na huko bado liko. Mwenyekiti alimwuliza mama kama ameelewa masharti.

"Nimeelewa," mama alisema. "Kila Jumatatu nitafunua. Lakini naomba kuuliza. Hapa kwangu nitafunua mimi. Kule mbele atafunua nani?"

Mwenyekiti alisema hilo ni suala la kitaalamu.

"Ndiyo, lakini nani? Maana mimi nimeandikwa siku na mahali. Ile chemba iliyofukiwa ingekuwa na mtu wake aliyeandikwa, angekuja siku moja akaikosa. Angeuliza."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alinigeukia akaniambia niandike swali, litajibiwa kwa maandishi. Najua maana ya litajibiwa kwa maandishi, nimeliandika mara nyingi, na kabati langu lina maswali ya namna hiyo ambayo waulizaji wake wameshastaafu. Nilianza kuandika.

"Mwalimu, subiri," mhandisi alisema.

Alitoa ile ramani iliyochanika, akaitandaza mezani mbele ya madiwani. Akachukua kalamu. Pembeni ya chemba ya kwanza aliandika cheo cha msimamizi wa usafi wa kata. Ya pili, msaidizi wake. Akaruka ya tatu. Ya nne, fundi mkuu. Pembeni ya kila cheo aliandika siku ya mwezi. Kisha akarudi kwenye ya tatu, akakaa na kalamu hewani. Kuandika pale kulikuwa kukiri mbele ya waliomsimamia kwamba palipaswa kuwa na mtu tangu mwanzo, na kwamba mtu huyo alikuwa ofisi yake. Aliandika: mhandisi, Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi. Akatia saini.

"Iambatishwe na muhtasari," alisema akinisogezea.

Mama aliinama kuitazama. Aliomba aonyeshwe ya tatu ni ipi, mhandisi akaiwekea kidole.

"Jumatatu ndiyo siku yangu na mimi," mama alisema. "Basi tutakuwa wawili wenye tope."

Wiki iliyofuata nilipita mtaa ule nikielekea benki. Ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya mwezi, mvua za masika zilikuwa bado hazijaisha. Mfuniko wa kona ya juu ulikuwa umeinuliwa na kuegemezwa ukutani, na mama alikuwa amepiga magoti, kandambili kando, anachota tope kwa kopo na kulitia ndooni. Wateja wawili walisubiri chai wakiwa wamesimama. Kule chini, mbele ya peving nyekundu na kijivu, mtu alikuwa ameinamia shimo, karatasi kwapani. Nilikuwa mbali, sikuweza kuona uso wake.

"Ni yeye," mama alisema bila kuinua kichwa. "Amefika saa mbili. Safari hii chai kaikubali."